Akili Ipo Lamu, Grandimasta Yuko Chennai

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina nyumba 64 na kete 32. Sadfa hii hutajwa sana barazani, na anayeitaja huwa tayari ana neno lake la kumalizia: kwamba sisi watu wa pwani mchezo huu tunao damuni, na tukipewa nafasi kidogo tu tutatoa mabingwa wa dunia. Nimelisikia neno hilo Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kutoka kwa wazee ninaowaheshimu, na sijawahi kulibisha mbele yao. Nalibisha hapa. Akili tunayo, wala haihitaji kutafutiwa ushahidi. Lakini katika kumtengeneza grandimasta, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji, akili ndiyo kitu rahisi kupatikana. Ipo Faza, ipo Siyu, ipo Marsabit. Kilicho adimu ni watu wa kucheza nao.

Mjadala huu umepata moto tangu Desemba 2024, pale Gukesh Dommaraju wa India, kijana wa miaka 18, alipomshinda Ding Liren wa China kule Singapore akawa bingwa wa dunia. Mfuko wa zawadi ulikuwa dola milioni 2.5. Gukesh alishinda michezo mitatu kati ya 14, akatoka na dola milioni 1.35, Ding, aliyeshindwa, alichukua milioni 1.15. Hesabu kama hizo zikifika kwenye simu za vijana wetu, hazikai kimya. Mzazi mmoja wa Langoni, ambaye mwanawe hulala na chesi na kuamka nayo, aliniuliza: "Ehe mwalimu, kwani hii ni kazi ama ni mchezo tu?" Nikamwambia, "Ni kazi, mzee wangu, lakini kwa watu wachache sana." Akanitazama kama mtu aliyepewa jibu la kukwepa. Alikuwa na haki ya kupata maelezo marefu zaidi, na ndiyo haya.

Tuanze na cheo chenyewe. Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, liliundwa Paris mwaka 1924, na mwaka 1950 likaanza kutoa rasmi cheo cha grandimasta kwa kundi la kwanza la watu 27. Leo waliowahi kukipata ni takriban 2,000. Ukishapewa hunyang'anywi kwa kushuka kiwango, hata ukizeeka ukawa unafungwa na watoto, utakufa ukiitwa grandimasta. Masharti ni mawili. La kwanza, ufikishe alama 2500 za Elo. La pili, upate normu tatu, yaani mashindano matatu ambayo katika kila moja umecheza kwa kiwango cha 2600, jumla ya michezo isiyopungua 27.

Alama za Elo zinaitwa hivyo kwa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria akahamia Marekani, na FIDE ilianza kuzitumia mwaka 1970. Hesabu yake haina siri. Mtu akikuzidi alama 200, mkicheza michezo minne anatarajiwa kupata pointi tatu. Ukimshinda mtu uliyetarajiwa kumshinda, unapata alama kidogo. Ukimshinda aliyekuzidi, unapata nyingi, naye anapoteza. Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni hili la mwisho: alama zako zinatoka kwa mwenzako. Mahali ambapo hakuna mwenye alama, hakuna pa kuzitoa. Kijana anayewafunga watu wote wa Mkomani na Langoni, akaenda Shela akawafunga na huko, mbele ya FIDE bado hana hata moja. Ili apate namba yake ya kwanza inabidi acheze michezo isiyopungua mitano na watu wenye namba, katika mashindano yaliyosajiliwa. Na watu wazuri wakifungiwa mahali pamoja wakachezana wenyewe kwa wenyewe miaka nenda miaka rudi, alama zinazunguka humo humo. Wote wanaweza kuwa wameimarika sana, na namba zao zisiseme hivyo.

Normu ni kali zaidi. Kwa kawaida ni mashindano ya raundi tisa. Kati ya wapinzani wako, angalau watatu wawe tayari ni magrandimasta, nusu yao wawe na vyeo vya kimataifa, na wasiwe wote wa nchi yako. Soma tena sharti hilo ukiwa umekaa Kenya, nchi ambayo haijapata grandimasta hata mmoja. Maana yake ni kwamba mtu akizaliwa hapa na kipaji kuliko binadamu wote waliopata kushika farasi wa mti, akicheza na Wakenya watupu mpaka mvi zimtoke, hatapata normu moja. Cheo hiki hutolewa na waliokwisha kuwa nacho, kwa kukaa nao mezani. Haikuwekwa hivyo kwa hila, na siwalaumu FIDE. Huwezi kumpima mtu kwa kipimo ambacho hakipo. Ila matokeo yake ni kwamba grandimasta huzaa grandimasta, na penye ukame ukame huendelea.

Sasa tuvuke bahari. Majahazi yaliyokuja Lamu na kaskazi yalitoka sehemu nyingi, na Bara Hindi lilikuwa mojawapo, kwa hiyo mfano huu hatuwezi kusema uko mbali. Viswanathan Anand alizaliwa Desemba 1969 katika jimbo la Tamil Nadu, akalelewa Chennai, mji uliokuwa ukiitwa Madras. Mamake ndiye aliyemfundisha kucheza, akiwa na miaka sita. Kazi ya babake ilikuwa ya reli, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikawapeleka Manila, Ufilipino. Huko sataranji ilikuwa imepamba moto, kwa kuwa mwaka 1978 Karpov na Korchnoi walikuwa wamegombea ubingwa wa dunia katika mji wa Baguio. Televisheni ya Manila ilikuwa na kipindi cha mafumbo ya sataranji saa ambazo mtoto yuko shule. Mama aliyaandika, jioni wakayafumbua pamoja. Waliporudi Chennai palikuwa na klabu iliyopewa jina la Mikhail Tal, bingwa wa dunia wa zamani, ndani ya kituo cha utamaduni cha Wasovieti, na alikuwapo Manuel Aaron, Mhindi wa kwanza kupata cheo cha masta wa kimataifa, kilicho chini ya grandimasta, mwaka 1961.

Watu husimulia kisa hiki kama hadithi ya mtoto mwenye ubongo wa ajabu. Mimi nikikisoma naona mambo mengine: baba mwenye mshahara na uhamisho, mama mwenye muda na anayejua mchezo, televisheni, klabu ya dola kubwa iliyotaka kupendwa na Wahindi, na mzee mmoja aliyetangulia njiani. Ubongo wa Anand ulikuwa wa ajabu, sikatai. Lakini toa vitu vile vitano, kimoja baada ya kingine, uone kinachobaki. Huenda angebaki mhasibu mzuri anayewafunga wenzake ofisini wakati wa chakula cha mchana.

Mwaka 1987 alichukua ubingwa wa vijana wa dunia, na 1988 akawa grandimasta wa kwanza wa India. Kilichofuata hakisimuliwi sana: alihama. Kwa miaka mingi makazi yake yalikuwa Uhispania, katika mji mdogo wa Collado Mediano karibu na Madrid. Mashindano ya kumlipa mtu wa ngazi yake yalikuwa Ulaya, na kutoka Chennai kila mara kungemmaliza pesa na nguvu. Mwaka 1995 aligombea ubingwa na Kasparov katika ghorofa ya 107 ya World Trade Center, New York, akashindwa. Mwaka 2000, ubingwa wa dunia ukiwa umegawanyika mara mbili, alichukua ule wa FIDE, fainali ikichezwa Tehran. Mwaka 2007 alishinda tena Mexico City, na safari hii hakukuwa na bingwa mwingine wa kushindana naye kwa jina. Akakaa juu mpaka 2013.

Katika miaka hiyo kuna kisa cha 2010 ambacho kila mtu wa Lamu anapaswa kukijua. Anand alitakiwa kufika Sofia, Bulgaria, kutetea ubingwa dhidi ya Topalov, mtu wa huko huko. Volkano ya Iceland ikalipuka, majivu yakafunga anga ya Ulaya, ndege zikalala. Akakwama Frankfurt, akapanda gari na watu wake, wakaenda barabarani kama saa 40. Aliomba mechi isogezwe mbele siku tatu, akapewa moja. Alifungwa mchezo wa kwanza. Mchezo wa 12, wa mwisho, akishika kete nyeusi, alishinda na kubaki bingwa. Safari ile ilikuwa habari ya dunia nzima kwa sababu ilimpata mara moja. Kijana wa Faza akitaka kucheza mashindano yaliyosajiliwa Nairobi hupanda boti hadi Lamu, boti tena hadi Mokowe, basi la barabara ya Garsen ambalo huko nyuma limetembea kwa msafara wa polisi, Malindi, Mombasa, halafu usiku mwingine hadi Nairobi. Hiyo ndiyo safari yake ya kawaida, hakuna volkano. Anafika amechoka kuliko aliyetoka Westlands kwa teksi, wanakaa meza moja, na saa ya mchezo inawahesabia sawa.

Narudi India, kwa sababu sehemu yenye faida kwetu ni ile iliyotokea baada ya Anand. Ungedhani grandimasta wa kwanza akishapatikana mlango umefunguka. Haikuwa hivyo. Wa pili, Dibyendu Barua, alipatikana 1991. Wa tatu, Pravin Thipsay, 1997. Miaka tisa, watu watatu, katika nchi iliyokuwa na watu mamia ya milioni na bingwa mkubwa wa kuigwa. Leo India ina zaidi ya magrandimasta 80. Msukumo pekee, ule tunaopenda kuuita "kuwapa vijana mfano wa kuiga", ulileta wawili. Waliobaki waliletwa na mambo yasiyo na mvuto wowote wa kusimulia: mashindano ya wazi yaliyosajiliwa ndani ya India, wageni wenye vyeo walioalikwa kuyacheza, kompyuta zilizopungua bei, makocha ambao wenyewe walikomea njiani wakaamua kufundisha, na shule kama Velammal ya Chennai zilizowapa wachezaji ruhusa ya kukosa darasa. Na kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mashirika ya umma ya India, reli, makampuni ya mafuta kama Indian Oil na ONGC, huajiri wachezaji. Kijana anaandikwa kazi, analipwa mshahara wa kila mwezi, na kazi yake kubwa ni kucheza.

Hapa Kenya tunaujua mpango huo vizuri sana, maana ndivyo polisi na jeshi walivyowalea wanariadha wetu miaka mingi. Mkimbiaji wa Iten anakimbia akiwa na namba ya kazi. Hatujawahi kuona kuwa ni ajabu serikali kumlipa mtu mshahara ili akimbie. Ila mwambie mkuu wa idara fulani amlipe mtu mshahara ili akae kitini afikiri, uone uso wake.

Mwaka 2013 Anand aliupoteza ubingwa kwa Magnus Carlsen wa Norwe, na mechi ilichezwa Chennai, nyumbani kwake. Alifungwa 6.5 kwa 3.5 bila kushinda mchezo hata mmoja. Miongoni mwa waliokuwa ukumbini wakitazama sanduku la kioo walimochezea wawili hao alikuwamo mtoto wa miaka saba. Miaka 11 baadaye mtoto huyo, Gukesh, alipotwaa ubingwa Singapore aliikumbusha siku ile. Kwa hiyo hata kushindwa kwa bingwa kulikuwa na faida, kwa kuwa kulitokea mjini kwao. Kama mechi ile ingechezwa Oslo, mtoto angeiona kwenye simu, na simu tunazo sote.

Hili la simu lijibiwe, maana vijana hulitaja haraka: "Lakini sasa kila kitu kiko mtandaoni." Kweli. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Kasparov ikiwa mtambo mkubwa sana. Leo programu ya bure kama Stockfish, ndani ya simu ya bei ya chini, ingemfunga Carlsen bila taabu. Tovuti ya Lichess haitozi hata senti. Mtoto wa Matondoni anaweza kujifunza ufunguzi ule ule anaojifunza mtoto wa Moscow, usiku ule ule. Elimu imeshuka bei kweli kweli, ila cheo hakijashuka. Normu haipatikani mtandaoni. Inabidi uketi kwenye kiti, mbele ya grandimasta mwenye mwili, mwamuzi akiwaangalia. Na kwa kuwa sasa kila mtu duniani ana elimu ile ile mkononi, kinachowatenganisha watu kimezidi kuwa nauli, viza na hoteli.

Tazama ushahidi. Abhimanyu Mishra, Mmarekani, alipata cheo mwaka 2021 akiwa na miaka 12, miezi minne na siku 25, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Alikipatia Budapest, ambako babake alimpeleka akakaa miezi akicheza mashindano mamoja baada ya mengine, mengi yakiwa yameandaliwa kwa ajili ya watafuta normu. Gukesh naye alikipata akiwa na miaka 12 na miezi saba. Babake, daktari mpasuaji wa masikio, pua na koo, aliacha kazi ili asafiri naye, mama, mtaalamu wa vijidudu, akabaki kulisha nyumba. Nawapongeza wazazi wale. Ila ninapoambiwa hizo ni hadithi za juhudi, nauliza juhudi za nani. Daktari akiacha kazi miaka miwili anaweza kuirudia. Nahodha wa boti ya Mokowe akiiacha boti miaka miwili, akirudi atakuta mwingine ameishika.

Afrika inao magrandimasta wake, na maisha yao yanafundisha kuliko ya mabingwa. Wa kwanza alikuwa Slim Bouaziz wa Tunisia, mwaka 1993. Tukishuka kusini mwa Sahara tunakutana na Amon Simutowe wa Ndola, Zambia. Mwaka 2000 alikuwa wa pili katika mashindano ya dunia ya vijana, nafasi ambayo Mrusi akiipata hawi na haja ya kuhangaika tena. Yeye cheo kilithibitishwa 2009. Katikati alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Texas kule Dallas kilichompa ufadhili kwa sababu ya sataranji, na normu ya mwisho akaipata nje ya bara lake. Baadaye alisoma Oxford, akaingia katika mambo ya fedha. Huyu ni mtu aliyefanya hesabu sawasawa: mchezo ulimpa elimu, elimu ikampa mkate.

Kenny Solomon wa Mitchells Plain, Cape Town, alivutwa na kakake aliyechaguliwa kwenda Olimpiadi ya sataranji ya Manila mwaka 1992. Alihangaika na normu miaka mingi, akaishi Italia, na mwishowe akapita mlango wa pembeni: mwisho wa 2014 alishinda ubingwa wa Afrika mjini Windhoek, na kanuni zikampa cheo moja kwa moja. Bassem Amin wa Misri ndiye Mwafrika wa kwanza kuvuka alama 2700, mwaka 2017. Naye ni daktari wa tiba. Mtu aliyefika pale ambapo bara zima halijawahi kufika hakuthubutu kuitegemea sataranji peke yake.

Maana mapato ndiyo haya: juu kabisa kuna watu kama 20 au 30 wanaoalikwa kwenye mashindano makubwa, wakilipiwa kila kitu. Chini yao magrandimasta huishi kwa vibarua vya hadhi. Wanachezea vilabu vya ligi ya Ujerumani mwishoni mwa wiki. Wanazunguka mashindano ya wazi, ambako mwandaaji huwapa chumba bure, na zawadi ya kwanza hugombewa na watu kumi wa aina yao. Wanafundisha watoto wa matajiri kwa njia ya video. Wanakuwa wasaidizi wa walio juu: Anand alipotetea ubingwa, mmoja wa waliokuwa wakikesha kumwandalia mikakati alikuwa Rustam Kasimdzhanov, ambaye mwenyewe alikuwa ameshinda ubingwa wa FIDE mwaka 2004. Bingwa wa jana ni msaidizi wa leo, na hakuna aliyeona aibu. Hikaru Nakamura wa Marekani, mmoja wa wachezaji bora duniani, anasema wazi kwamba kazi yake ni kurusha video mtandaoni. Carlsen, aliyefikia alama 2882, rekodi ambayo haijavunjwa, aliliacha taji la dunia mwaka 2023 kwa hiari yake, kwa kukosa hamu ya kulitetea.

Kuna wazazi wengine ambao swali lao si la pesa. Wanauliza kama mchezo wenyewe unafaa. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafi, na msimamo uliopokewa kutoka kwa Imamu Shafi mwenyewe ni kwamba sataranji ni makuruhu, haifiki haramu, maadamu hakuna kamari na sala hazipitwi. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine walioikaza zaidi, na mzazi anayewafuata simwingilii. Ila tusijifanye mchezo huu umeletwa jana na Wazungu. Karne ya 10, kule Baghdad, as-Suli alikuwa akicheza mbele ya makhalifa na kulipwa kwa kazi hiyo, na fumbo aliloliacha liliwasumbua watu kwa zaidi ya miaka elfu. Mchezaji wa kulipwa ni mtu wa zamani katika ulimwengu wa Kiislamu kuliko katika ule wa Ulaya.

Na sasa bao, kwa kuwa ndilo linalonipa uhakika wa ninachosema. Mchezo unapoanza, kila mmoja ana kete 22 za kunamua, bado hazijaingia ubaoni. Kila inayoingia inaweza kuzungusha ubao mzima, ikala, ikapanda tena, ikala tena, na fundi ameuona mzunguko huo mpaka mwisho wake kabla hajanyoosha mkono. Katika sataranji hatua moja inasogeza kete moja, mara chache mbili. Mtafiti wa Kiholanzi Alexander de Voogt aliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar miaka ya 1990 akitumia maswali ambayo wanasaikolojia walizoea kuwauliza wachezaji wa sataranji: wanaona mbele kiasi gani, wanakumbuka nini. Alikuta ustadi wa kuheshimiwa.

Lakini ni fundi gani wa bao amejenga nyumba kwa bao? Ana sifa mtaani kwake. Siku ya Tamasha la Utamaduni la Lamu anashindana, anapewa zawadi, anarudi kwenye shughuli zake. Hana namba inayosomeka Kizimkazi wala Malindi, michezo yake haiandikwi, akifa inakwenda naye. Kichwa chake hakina upungufu wowote kikilinganishwa na cha grandimasta. Aliyepungukiwa ni ulimwengu unaomzunguka, uliokosa karani wa kuandika, shirikisho la kupima na mtu wa kulipa. Ndiyo maana sadfa ile ya 32 na 64 hainipi matumaini wazee wanayoyapata. Kama akili ya bao ingetosha kuzaa taaluma, ingekuwa imezaa ya bao kwanza.

Basi Lamu ifanye nini? Kwanza ikome kuwaahidi watoto ugrandimasta. Nimeona mabango ya mafunzo ya likizo yakiutaja, na ni maneno ya kuwachanganya wazazi. Mtoto akifika alama 1800 akiwa shule ya upili, atakuwa amepata kitu kikubwa, na huenda kikamfungulia chuo kama kilivyomfungulia Simutowe, hata kama cheo hakitaonekana.

Wapo wanaopendekeza tulete mashindano ya normu. Wazo lenyewe si la kuchekwa. Watu kumi, michezo tisa kila mmoja, magrandimasta watatu wa kawaida ambao wangekuja kwa nauli, chumba na bahasha ya kiasi. Na kati ya Aprili na Juni vyumba vya Lamu vipo vitupu. Wageni wangekuja, wapiga picha wangefurahi. Ila faida yake ingekuwa ya nani? Mpaka awepo kijana wa hapa mwenye alama 2400, normu zingechukuliwa na wageni, zikaondoka nao uwanja wa ndege wa Manda. Mashindano ya namna hiyo yana minong'ono yake pia, kwa kuwa anayelipa kuingia na anayelipwa kucheza hukutana meza moja, na sote tunajua mkono mtupu haulambwi.

Tunachoweza kukimudu ni cha chini yake: mashindano ya wazi yaliyosajiliwa, mara moja au mbili kwa mwaka, Lamu au Malindi, yenye wachezaji 15 hivi wenye alama kutoka Mombasa na Nairobi. Hao hawahitaji kulipwa waje Lamu. Watu hulipa wenyewe kuja Lamu. Wao watapoteza alama chache, watoto wetu watazipata. Mabenki yenye timu za sataranji Nairobi yanaweza kuombwa kiingilio cha watoto, na kaunti iombwe boti ya kuwaleta wale wa Pate na Kiwayuu.

Na wa kwanza kutafutwa awe mwamuzi, kabla ya kocha. Wanaojua kufundisha tunao, walimu wa hesabu wenye mapenzi ya mchezo wanaojitolea jioni bila kuombwa. Lakini bila mwamuzi mwenye leseni, michezo yote itakayochezwa hapa haitaandikwa popote. Kozi yake ni ya siku chache na hufanyika Nairobi. Mtu mmoja wa Lamu akiisoma, mmoja tu, mtoto atakayeshinda michezo yake kisiwani ataondoka na namba. Kuanzia Machi 2024 namba ya chini kabisa inayokubaliwa ni 1400, nayo inatosha kuanzia.